Kipande Cheupe cha Katikati

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Phoebe aliipenda sana methali hii, maana alikuwa mwoga na hakuona haya. Aliogopa radi, aliogopa mbwa wa matajiri wa Lavington, na kuliko vyote aliogopa maiti na chochote kilichowahi kukaa karibu na maiti. Gari la mazishi likipita barabara kubwa, yeye hugeukia ukuta akasimama hivyo mpaka lipotee. Majirani pale Kangemi, pembeni mwa Nairobi, walimcheka, naye akacheka pamoja nao. Alikuwa na miaka kumi katika ndoa na watoto wanne, wote wazima. Nani angethubutu kumwambia woga ni ubaya?

Mikono yake, lakini, haikujua woga. Alikuwa na cherehani ya mkono, kuukuu, yenye mlio wa kuku anayetaka kutaga, na kwa cherehani hiyo hakuna tambara lililomshinda. Vipande vya upana wa kiganja vilikuwa vishikio vya sufuria. Vya upana wa viganja viwili vilikuwa foronya. Wanawe walivaa kaptula zenye mguu mmoja wa kahawia na mwingine wa kijivu, wakapigana na kila aliyewacheka. Jumamosi alikwenda Mtaa wa Biashara, mahali mafundi walipokaa na vyerehani vyao kwenye baraza za maduka ya Wahindi, akaokota vilivyoanguka chini kabla havijafikiwa na ufagio. Na mlangoni kwake kilining'inia kikapu. Jirani mwenye kitambaa asichokitaka alikitia humo akaenda zake.

Ndiyo maana Naliaka alipojifungua, mwezi wa Aprili mwaka 1971, alimwendea Phoebe na si mtu mwingine.

Naliaka alikaa chumba cha pili, ukuta kwa ukuta. Mumewe Nashon alitunza bustani ya mzungu mmoja huko Lavington, akalala hukohuko, akaonekana nyumbani Jumapili. Walikuwa wamezika watoto wawili. Wa kwanza hakufika hata kupewa jina. Wa pili aliitwa Lornah, aliishi mwaka mmoja na miezi miwili, akajifunza kusema "maziwa" na kumwita paka wa jirani, kisha surua ikamchukua kwa wiki moja. Sasa alikuwa huyu wa tatu, msichana tena, na mama mkwe wa Naliaka alikuwa ametuma barua kutoka Nyanza yenye amri badala ya salamu.

Mtoto aitwe Ajwang, jina la aliyeachwa, asiye na mwenyewe. Asivishwe kipya. Nguo ya kumfunika iombwe nyumba za watu, kipande hapa na kipande kule, na mama mtu asitoe hata uzi. Kifo kina kiburi, mama mkwe alieleza. Kikija kuchungulia kikakuta kitoto cha matambara, kilichofunikwa na huruma za majirani, kitaona hapa hapana cha kuchukua, kitajiendea zake.

"Mimi sijui kama hii maneno ni ya ukweli, Mama Odero," Naliaka alimwambia Phoebe, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake. "Lakini nikikataa, na mtoto apatwe na kitu, hiyo familia itasema ni mimi."

"Na wewe mwenyewe unaamini?"

"Mimi niko na watoto wawili kwa udongo. Naamini kila kitu."

Phoebe hakungoja kuambiwa tena. Alitangaza plot nzima, vyumba vyote vya kupanga vya uwanja ule, na kikapu kikaanza kujaa. Munyiva, Mkamba aliyeuza sukuma wiki sokoni, alileta pindo la kanga lenye nusu ya maneno yake. Virginia, aliyefanya kazi ya nyumba huko Muthangari, alileta pazia la maua ambalo memsahib wake alikuwa amelichoka. Mzee Mbithi wa ulinzi alitoa mfuko wa koti lake la kaki, akaapa kwamba mfuko huo umekaa kwenye mvua miaka tisa bila kuugua. Hata Zadock, mume wa Phoebe, ambaye kwa kawaida hakujali mambo ya sindano, alirudi jioni moja kutoka kazini, akakung'uta mfuko wake wa vyombo juu ya kikapu. Zadock alikuwa seremala mjini. Alimwambia mkewe kwamba wanatengeneza makabati na vitanda vya wenye nacho.

"Nimekuletea pia," alisema. "Kazini tunapanguzia vanishi."

Kesho yake Phoebe alipomwaga kikapu kitandani akapanga vipande kwa rangi, alikuta kimoja kinachong'aa kuliko vingine. Satini nyeupe, safi, laini kama shavu. Upande wa nyuma, kwenye pembe, palikuwa na mafundo mawili madogo ya uzi mwekundu. Matambara huja na nyuzi zake. Hakulifikiria jambo hilo mara mbili. Alikata kadibodi ya pakiti ya sabuni ikawa kipimo, akakata kila kipande kwa kipimo hicho, akashona mistari, akaunganisha mistari. Ile satini ilikuwa imepungua kidogo kwa kipimo, akaiongezea pindo. Na kwa kuwa iling'aa, aliiweka katikati kabisa. Ndani alitia blanketi kuukuu lililotobokatoboka, na chini yake gunia la unga alilolifua mpaka maandishi yakafifia. Mafundo yale mekundu yakafunikwa humo ndani.

Naliaka alipopokea blanketi hilo alilipapasa muda mrefu, mkono ukirudi pale katikati. Akalia. Phoebe naye akalia, kwa kuwa kulia ni kama kupiga miayo.

Miezi mitatu ilipita, ikafika Julai na baridi yake. Asubuhi moja Zadock alisahau mkebe wake wa chakula mezani. Siku nyingine Phoebe angempa Odero githeri hiyo ya mahindi na maharagwe na kumwacha baba mtu ajitafutie, lakini siku hiyo alikuwa na safari ya kununua uzi. Akaubeba mkebe. Hakuwahi kufika kazini kwa mumewe. Alijua tu kwamba ni upande wa River Road, kwenye uchochoro nyuma ya duka la baiskeli, na kila alipoomba kupelekwa, Zadock alisema huko kuna vumbi.

Aliuliza duka la baiskeli, akaoneshwa uchochoro. Akasikia nyundo. Akainamisha kichwa kupita chini ya bati, akaita hodi kwa furaha ya mke anayemletea mumewe chakula.

Majeneza yalikuwa yameegemezwa ukutani, makubwa na madogo, mengine bado mbao tupu, mengine yamekwisha pakwa rangi. Katikati ya majeneza hayo alikuwa Zadock wake, amepiga magoti, misumari midogo imebanwa midomoni, mkononi ameshika satini nyeupe akiipigilia ndani ya sanduku lisilozidi urefu wa mkono wa mtu. Vipande vya satini hiyo vilikuwa vimetapakaa sakafuni miguuni pake.

Zadock aliitema misumari. "Mama Odero," alisema, "ningekuambia, ungekula mshahara wangu?"

Phoebe aliuweka mkebe chini, mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye vipande vile vya sakafuni. Aliiona meza yake, kikapu chake, mfuko wa vyombo ukikung'utwa. Aliliona blanketi la Ajwang, na katikati yake kipande kinachong'aa.

"Zile vitambaa uliniletea," alisema kwa sauti isiyo yake. "Kulikuwa na nyeupe? Kama hii?"

"Ile siku? Mimi sikumbuki. Naokota chochote iko chini, natia kwa mfuko."

"Zadock, kulikuwa na nyeupe ama hakuna?"

"Pengine ilikuwa. Kitambaa ni kitambaa, mama. Haijui imekatwa ya nini."

Mwanaume anaweza kusema hivyo. Si yeye aliyemfunika mtoto wa watu kwa bitana ya jeneza. Si yeye aliyeyaona mafundo mawili ya uzi mwekundu, ambayo sasa, pale uchochoroni, Phoebe aliyatambua ni nini hasa: dawa. Mtu mwenye chuki alikuwa amefunga mambo yake kwenye kitambaa cha maiti, kikaanguka, Zadock akakiokota, na yeye Phoebe akakishonea kifuani pa mtoto aliyekuwa akifichwa kifo. Wenzake walikuwa wamemficha mtoto ili kifo kisimwone, na yeye akakiwashia taa. Uzi hakununua. Alipanda basi la Kangemi mikono mitupu, akawa anasali kwa sauti mpaka abiria aliyekaa naye akahamia kiti kingine.

Hata hajafika mlangoni kwake alisikia kilio. Kilikuwa kilio kidogo, kikavu, cha mtoto aliyechoka kulia.

"Ameanza asubuhi ukienda tu," Naliaka alisema. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na Ajwang mapajani, amezungushiwa blanketi la vipande. "Iko na joto sana hii mtoto. Ananyonya anawacha. Sikia vile anapumua."

Phoebe alimgusa mtoto kipaji cha uso. Aliungua. Kifua kilipanda na kushuka haraka haraka, na kila kilipopanda ile satini nyeupe ilimeta, maana ilikuwa imeangukia pale pale juu ya moyo.

Angesema. Maneno yalifika kwenye ulimi. Lakini angesemaje? Mwambie mama aliyezika wawili kwamba wa tatu umemvisha sanda kwa mkono wako, na kwamba umekuwa ukiisifu mishono yake? Na kama mtoto angekufa, Naliaka angemtazama kwa macho gani, ukuta kwa ukuta, miaka yote? Woga ule wa kuchekesha, wa kugeukia ukuta, Phoebe hakuuona tena ndani yake. Uliokuwapo sasa ulimkaukia mdomoni kama majivu.

"Mpeleke zahanati," alisema. "Saa hii. Mfunge na shuka yangu, ni ya pamba nzito. Hii blanketi niachie, kuna mshono imeachia, baridi inaingia."

"Wapi? Sijaona."

"Mimi ndiye fundi. Nimeona."

Naliaka alisita. Aliushika ukingo wa blanketi, hakuuachia, kisha akauachia. "Utarudisha leo?"

"Mkirudi mtaikuta."

"Usitoe kitu, Mama Odero. Shona tu hapo imeachia."

"Nenda, mama, mtoto anaungua!"

Alipobaki peke yake, chumbani kwake, alifunga mlango kwa komeo, ingawa jua lilikuwa bado juu. Alichukua wembe, akafumua gunia upande mmoja, akaingiza mkono ndani kama mtu anayetoa matumbo ya kuku. Yale mafundo mawili yalimgusa kidole, akavuta mkono nje huku akimwita Yesu. Akarudi tena. Alikata uzi mmoja baada ya mwingine, pande nne, na mikono yake isiyojua woga ikakosea, akajikata kidole gumba. Kipande kilipotoka, katikati ya blanketi palibaki tundu la mraba, na kupitia tundu hilo aliona kitanda chake mwenyewe.

Hakuwa na satini nyingine nyeupe ila moja. Chini ya sanduku, ndani ya karatasi, lilikuwa shimizi alilovaa siku ya harusi yake kanisani, ambalo alikuwa akiliweka kwa ajili ya binti yake. Alilikata bila kuwaza. Rangi yake ilikuwa imegeuka kidogo, kama maziwa yaliyolala, lakini mwenye macho makali ya kuiona tofauti hiyo alikuwa yeye tu. Alipima, akakata, akashona kwa mkono, mishono midogo midogo, akafunga gunia. Hakuna ambaye angejua.

Kile kingine alikishika kwa koleo la jiko, akakitia kwenye makaa. Hakikuwaka. Kilijikunja, kikayeyuka, kikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya, na mafundo yale mekundu ndiyo yaliyoungua mwisho. Alichota majivu yote akayamwaga chooni, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni.

Naliaka alirudi jua likielekea kuzama. Zahanati walisema ni homa ya mapafu, wakampiga mtoto sindano, wakataka arudi kesho na kesho kutwa kwa sindano nyingine. Aliuliza blanketi kabla ya kukaa. Phoebe akampa. Akamwona akimzungushia mtoto, akigeuza kile cheupe kiwe juu ya kifua, akikipapasa kwa kidole gumba huku midomo ikisemasema jambo lisilosikika. Phoebe aliona kwamba anasali, akatoka.

Siku mbili zile hakula. Kila mtoto aliponyamaza upande wa pili wa ukuta, alisimama akaweka sikio. Zadock alimwambia atapata wazimu, akaambiwa asimguse kwa mikono yake ile. Siku ya tatu Ajwang alinyonya mpaka akashiba. Siku ya tano alicheka, akamnyakua Munyiva kilemba. Plot nzima ilifurahi, na katika wote hapakuwa na aliyefurahi kama Phoebe, maana yeye peke yake alijua alichokitoa kifuani pa mtoto yule. Alianza kula. Alimsamehe Zadock, akamwambia jeneza nalo ni kazi kama kazi nyingine, na Zadock akamtazama kama aliyebadilishiwa mke.

Ilikuwa Jumamosi, wiki mbili baadaye. Wanawake hawa wawili walikuwa nje wakianika nguo, na Ajwang amelala kwenye beseni kavu, juani. Naliaka alilishusha blanketi kambani, akalikunja mpaka kile kipande cheupe kikabaki juu, akaja karibu.

"Mama Odero, nataka kukuambia kitu. Usiambie mtu, hata Baba Ajwang hajui."

"Sema, mama."

"Mama mkwe alisema mimi nisitoe hata uzi. Mimi nilitoa." Aliweka kidole pale katikati. "Hii nilitia kwa kikapu yako siku ulienda town. Ilikuwa ya Lornah. Fundi alikuwa anaweka kitambaa kwa ile sanduku yake, akakata, kipande ikaanguka chini. Nikaiokota. Sikuwa na picha yake hata moja, unajua. Nguo zake tulimzika nazo zote. Hii tu ndiyo ilibaki."

Phoebe alikuwa ameshika shati la Zadock, limelowa. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko, hakuyahisi.

"Nilifunga uzi mwekundu kwa nyuma, fundo mbili," Naliaka aliendelea. "Moja ya Lornah, moja ya yule mdogo hakupata jina. Nikasema, wacha hawa wawili wamlinde dada yao. Kama ni kosa, Mungu atanihukumu mimi. Na hiyo siku mtoto alikuwa anaungua, nikimaliza kutoka zahanati, nilishika hapa. Niliongea na Lornah. Nikamwambia, mama, shikilia mdogo wako, usimwache akuje huko. Na alisikia. Nakuambia nilimsikia kwa hii mkono, joto yake."

Aliliinua blanketi, akaweka shavu juu ya shimizi la harusi la Phoebe, akafumba macho.

Kinywa cha Phoebe kilifunguka. Neno moja lingetosha. Lakini aliuona uso ule, namna ulivyotulia, na hakukumbuka kama amewahi kuuona umetulia tangu amjue. Aliogopa. Kinywa kikajifunga.

"Siku ikizeeka," Naliaka alisema, "wewe ndiye utafungua, nisije nikararua. Unitolee hii kipande na fundo zake mbili. Nitaiweka. Nikikufa nizikwe nayo. Sawa, Mama Odero?"

"Sawa," Phoebe alisema.

Siku hiyo hiyo alitoa uzi mwekundu kwenye mkebe, akatunga sindano. Mafundo mawili ni kazi ya nusu dakika. Mara tatu katika mwezi ule aliomba blanketi akakaze mishono, na mara tatu Naliaka akacheka akamkatalia, akasema bado liko na nguvu, na kwamba Phoebe anashona kama mtu anayetaka kitu kikae milele. Sindano ile na uzi wake mwekundu ilikaa imechomekwa ukutani mpaka ikashika kutu.

Ajwang alitambaa, akasimama, akatembea akiliburuta blanketi lake vumbini. Na kila Jumamosi lilipofuliwa na kuanikwa, Phoebe alisimama mlangoni pake akikagua mishono yake kwa macho, mmoja mmoja, akiomba isiachie.